Malaria Malindi haijaisha, imezuiwa

Nimeambiwa tena, na safari hii mbele ya watu, kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti yetu ya Kilifi, Kenya. Mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akasema, "Mwanangu, malaria ya siku hizi iko wapi? Wajukuu zangu wote wazima. Hizo hela tutengenezeeni barabara." Ukumbi ukapiga makofi. Nikamjibu, "Mzee wangu, hao wajukuu ni wazima kwa sababu hela hizo zilitumika," lakini mwenyekiti alikuwa ameshaniashiria kuwa muda umekwisha. Basi namjibu hapa. Nafanya kazi ya kudhibiti mbu, na hoja hii nimeisikia kwa wawakilishi wadi, kwa wafadhili, hata kwa wauguzi. Kila nikiisikia inanikera upya.

Mzee hakukosea kwa alichokiona kwa macho yake. Katika hospitali ya Kilifi, ambako KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mfuko wa utafiti wa Uingereza wa Wellcome Trust wanafuatilia wodi ya watoto tangu 1989, waliolazwa na malaria mwaka 2003 walikuwa 18.43 kwa kila watoto 1,000. Mwaka 2007 walikuwa 3.42. Utafiti wa kitaifa wa 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 5 ya watoto wa Pwani, wakati ukanda wa Ziwa ulikuwa na asilimia 19. Kushuka huko ni kwa kweli. Kosa ni kudhani kwamba kilichoshuka kimeondoka.

Twende Casuarina, hapa Malindi. Huko kuna nyumba za wageni na hoteli ndogo zilizofungwa utalii uliposhuka. Mwenyewe yuko Ulaya, mlinzi analipwa mwezi huu na mwezi ujao halipwi, na bwawa la kuogelea limebaki na maji ya mvua, kijani, yamejaa majani ya mkungu. Nachota kwa upawa mweupe wenye mpini mrefu, halafu nasubiri maji yatulie. Viluwiluwi vya Culex, huyu mbu wetu wa mitaroni, huning'inia kichwa chini, vikipumulia kijibomba cha mkiani. Cha Anopheles, mbu anayeeneza malaria, hakina kijibomba hicho, kwa hiyo hulala ubapa, sambamba na uso wa maji. Kivuli cha mkono wako kikipita, kinazama kwa mshtuko, kisha kinapanda na kulala vilevile. Bado tunavipata. Watafiti waliopima maji ya Malindi mjini miaka ya 2000 walikuta kwamba mabwawa ya namna hii yasiyotunzwa ni mazalio makubwa ya Anopheles, na mengi ya mabwawa hayo hayajafukiwa wala kukaushwa.

Mbu yupo, basi. Kilichopungua ni vimelea katika damu ya watu, na vimepungua kwa sababu, kama chomboni baharini, kuna mtu anayeshinda anafua maji ya ngama, yale yanayoingia na kutuama chini ya chombo. Chombo kikiwa kikavu, nahodha hamshushi anayefua maji pwani, maana ufa anaujua uko wapi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo karibu hakuna anayelizungumza, na ndilo linalonikosesha usingizi. Kinga ya malaria haifanani na ya surua, ambayo mtoto akiugua mara moja amemaliza. Hii hujengwa kwa kuumwa na kuambukizwa mara nyingi, haiwi kamili, na mtu akikaa muda mrefu bila kuambukizwa hufifia. Palipo na malaria nyingi, wanaokufa ni watoto wachanga na wa miaka ya mwanzo, na wakubwa wanaishia kupata homa tu. Malaria ikipungua, watoto wanakua bila kuonja. Ndivyo ilivyokuwa Kilifi, ambako kadiri maambukizi yalivyoshuka, wastani wa umri wa watoto waliolazwa ulipanda. Mtoto wa Ganda, hapa Malindi, aliyezaliwa miaka kumi iliyopita, damu yake haina kumbukumbu ya kutosha ya kimelea hiki. Ukiacha kinga ya nje, yaani neti, dawa na upimaji, ukamwacha na kinga ya ndani ambayo hanayo, malaria ikirudi itamkuta yeye, mdogo wake na kaka yake wote ni wageni. Kwa hiyo mji uliofanikiwa kupunguza malaria ukiacha kazi huwa katika hatari kubwa kuliko ule ambao haukuwahi kuanza. Bwana mmoja wa fedha aliniambia kwamba hiyo ni hoja ya kutoanza kabisa. Hapana. Watoto waliookolewa katika miaka hiyo wameokolewa kweli. Ni hoja ya kutokatiza.

Na kukatiza ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu kila silaha tuliyo nayo ina muda wake. Bti, dawa itokanayo na bakteria tunayonyunyiza kwenye maji, inaua viluwiluwi kwa siku chache, na kutoka yai hadi mbu ni wiki moja hadi mbili, kwa hiyo ukiruka mzunguko mmoja umerudi mwanzo. Mjamzito anahitaji SP, dawa ya kumkinga na malaria, katika mahudhurio yasiyopungua matatu, akianzia wiki ya 13. Neti hugawiwa kwa kampeni kila baada ya miaka 3, lakini njoo uitazame neti ya mwaka wa pili kwenye kitanda cha kamba, imetoboka pale inapochomekwa, imefuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani mpaka dawa imebaki jina. Mbu nao wamezoea pairethroidi, dawa ya kawaida ya neti, ndiyo maana tunataka neti zilizotiwa kemikali ya ziada, PBO au klofenapiri, neti ambazo bei yake iko juu zaidi. Haya nayapita haraka kwa sababu yameandikwa kwingi.

Kisichoandikwa ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa 30 Juni. Masika ya huku inaanza Aprili, na wagonjwa wa malaria wanaongezeka kuanzia Mei hadi Julai. Tazama kinachotokea. Mwezi wa Juni vitabu vinafungwa, pesa ambayo haijatumika inarudi, hakuna anayetaka kusaini hati ya ununuzi. Julai mwaka mpya umeanza kwa karatasi, lakini fedha za kaunti huchelewa kutoka Nairobi, na kila mtu anayefanya kazi katika kaunti anajua kuchelewa huko ni kwa wiki ngapi. Yaani mwezi mbu wanapokuwa wengi kuliko miezi yote ndio mwezi ambao hatuna mafuta ya pikipiki. Nikimwambia mtu wa mipango ahamishe ununuzi wa Bti na vipimo vya haraka uwe Februari, ananiambia matumizi ya Februari hufuata fedha za Februari. Mtu anaweza kukuonyesha kwamba fedha za malaria za mwaka mzima zilitolewa zote, asiseme uongo hata kidogo, na bado watoto wakawa wameugua katika pengo hilo. Ninapodai fedha za kudumu nakusudia hili kwanza, zifike bila kukatika, hata kama kiasi hakiongezeki.

Nina shaka moja ambayo kwenye semina hatuisemi, kwa kuogopa kuwapa nguvu wanaotaka kukata bajeti. Kushuka kwa malaria hapa Pwani kulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla neti hazijaenea. Pengine ni dawa, maana mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini iliyokuwa imeshindwa ikahamia SP. Pengine ni ukame. Pengine ni mambo ambayo hatukuyapima. Mimi siwezi kumwambia mzee wa watu kwamba kila mtoto aliyepona ni kazi ya mikono yetu. Lakini tafakari maana yake. Ikiwa sehemu ya nafuu hii tulipewa na ukame, basi mvua kubwa inaweza kuichukua, na mvua ya Novemba 2023, iliyokata barabara ya kwenda Lamu, hakuna aliyeisahau.

Kuhusu neti zenyewe sina shaka. Jaribio lililofanywa hapa hapa Kilifi miaka ya 1990 lilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 33 na kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Wakati ule neti zilitakiwa kutiwa dawa upya kila baada ya miezi michache. Utafiti ulipokwisha, watu wakaambiwa walete neti wenyewe na walipie dawa, na waliokuja walikuwa wachache mno. Neti, watu, mbu, vyote vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni nani analipa.

Mwenye kutaka mfano wa jirani aende Zanzibar. Mpango wa kutokomeza malaria ulioanza 1957 uliishusha hadi wenye vimelea wakawa chini ya asilimia 5, ukasitishwa 1968, na malaria ikarudi. Watafiti waliokusanya mikasa kama hiyo walihesabu 75 katika nchi 61 tangu miaka ya 1930. Katika 68 kati ya hiyo, sababu mojawapo ilikuwa kulegea kwa udhibiti, na kilichotajwa zaidi kuwa kiini cha kulegea huko ni uhaba wa fedha.

Kuhusu uchumi, mara nyingi hunukuliwa hesabu ya wanauchumi Gallup na Sachs ya 2001, kwamba nchi zenye malaria nyingi zilikua pungufu kwa asilimia 1.3 kwa mwaka. Mimi siitumii sana. Umaskini nao huzaa malaria, na kutenganisha kipi kilichotangulia ni vigumu. Naona vizuri zaidi nikiwa karibu. Vipimo na dawa katika zahanati ya serikali ni bure, lakini mama anayetoka Jilore na mtoto mwenye degedege analipia bodaboda, anafunga genge lake, analala wodini siku tatu, na mtaji wa mboga unaliwa humo. Mvuvi akipata homa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na samaki wapo, hakuna atakayemrudishia siku zile kusi likianza kuvuma. Na malaria ilipopungua Kilifi, maambukizi ya bakteria katika damu ya watoto nayo yalipungua, kwa hiyo vitanda vilivyobaki vitupu ni vingi kuliko hesabu ya malaria peke yake.

Haya yote nayasema wakati mifuko ya nje inakauka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Novemba mwaka huo Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria uliomba dola bilioni 18 ukaahidiwa bilioni 11.34. Na kuna Anopheles stephensi, mbu wa mjini anayezaa kwenye matangi na mitungi, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012 na sasa amepatikana kaskazini mwa Kenya. Nyumba za Lamu zina birika, na wazee walijua kuweka samaki wadogo ndani yake wale viluwiluwi. Nyumba mpya zina matangi ya plastiki juu ya paa, yasiyo na samaki wala mfuniko. Kumtafuta mbu huyu kunahitaji watu wa kuchota maji mwezi baada ya mwezi bila kukuta kitu, na kazi isiyokuta kitu ndiyo inayofutwa kwanza kwenye bajeti.

Makadirio ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili. Ukiitwa kutoa maoni, uliza fungu la kudhibiti mbu liko ukurasa gani, na fedha zake za mwezi wa Julai zitatoka wapi.