Wireshark haizuii kitu

Huku Mombasa, kuanzia ofisi za mizigo hadi hoteli za Nyali, nimechoka kusikia "tumeweka Wireshark, sasa tumejikinga." Wireshark ni programu huria ya kuchanganua trafiki ya mtandao: hunakili pakiti (vipande vidogo vya data) zinazopita kwenye kadi ya mtandao na kukufumbulia moja moja. Basi. Ni kama karani wa kuhesabu magari Likoni: kila gari lililoingia ferini analijua, lakini lango haliko mikononi mwake.

Wala haikuundwa kuwa lango. Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 ikiitwa Ethereal, apate kufuatilia hitilafu za mtandao. (Jina la sasa ni la 2006: alihama kazi, haki ya jina la zamani ikabaki alikotoka.)

Zeek, programu nyingine ya kufuatilia mtandao ambayo Vern Paxson aliianza 1995 kwa jina la Bro, haikurundikii pakiti; huandika nani kawasiliana na nani, saa ngapi, kwa muda gani. Nayo kazi yake hasa ni ushahidi.

Wanaochanganya watu ni Suricata na Snort, programu za kutambua mashambulio ya mtandao, maana zina sura mbili. Ukizipa nakala tu ya trafiki, zitatoa tahadhari zikiona dalili ya shambulio, na shambulio lenyewe litapita. Ukiziweka njiani, kila pakiti ipitie kwao, hapo zinaweza kuitupa. Programu ni ile ile, ila umeiweka pengine na kuipangia kazi nyingine. Fundi anayeuza "ulinzi" hilo halisemi, na mteja hajui kuliuliza.

Hata hiyo nakala haiji yenyewe. Chomeka laptopu kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi: utaona trafiki yako na ujumbe unaotumwa kwa wote, si ya meza ya pili, mpaka swichi ipangwe kukurudufia. Ukishaipata, nyingi imesimbwa, yaani imefichwa isisomeke. Anwani utazisoma, yaliyomo ndani ya HTTPS (njia salama ya kufungua tovuti) hapana. Na uwe na idhini ya mwenye mtandao, kwa maandishi, kwani Kenya ina sheria ya uhalifu wa kompyuta tangu 2018 na kunasa mawasiliano bila ruhusa ni kosa.

Kwa hiyo mwenye Wireshark aseme anauona mtandao wake, na hilo si dogo. Akiulizwa nani anazuia, ataje kilichokaa njiani. Kama hakuna, aseme hakuna.