Geuza duka lako liwe steji: matangazo ya msituni kwa mfuko mdogo

Mi nilianza kama fundi wa kuandika kuta, brashi mkononi ngazi begani, hapa Busia upande wetu wa Uganda, na siku hizi watu wananiita ati mtu wa maketingi lakini kazi ni ile ile. Kila wiki naulizwa: redio wanataka pesa, bango la barabarani ndio usiseme, sasa mimi mwenye kibanda nifanyeje? Jibu langu ni moja na mnisamehe nikilirudia. Fanya duka lako liwe kitu ambacho watu wanaelekezea.

Hebu fikiria vile tunaelekezana huku. Hakuna mtu anakwambia nyumba namba 14, anakwambia shukia pale kwa mti mkubwa, uliza saluni ya bluu, alafu zunguka nyuma. Ndani ya taksi (wale wa ng'ambo ya boda msicheke, kwetu taksi ni ile mnaita matatu) abiria anamwambia konda "maaso awo" (hapo mbele) ama anataja steji, na steji nyingi zimepata jina kutokana na kitu tu kilichokuwa pale, kanisa, baa, petroli stesheni, hata kama baa yenyewe ilishavunjwa. Mwenye hio baa alitangazwa kila siku bure na pengine hakujua.

Huu ujanja una jina la kitaalamu, guerrilla marketing, yaani matangazo ya msituni, Mmarekani Jay Conrad Levinson ndiye aliyeuvumisha mwaka 1984, maana yake mwenye pesa kidogo apigane kwa akili na muda kama mpiganaji wa msituni. Hapa kwetu ukisema msituni wazee wanafikiria Luweero, kule vita vya msituni vilikopiganwa miaka ya themanini, kwa hio mbele ya wateja nasema tu "matangazo ya mfuko mdogo". Na tusijifanye tunafundishwa, neno boda boda limezaliwa hapa hapa mpakani, vijana wa baiskeli walikuwa wanabeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka kwenda kingine wakiita "boda, boda", na leo Afrika Mashariki nzima inalitumia. Rolex nayo ni mayai yaliyoviringishwa kwenye chapati, jina la kiingereza, rolled eggs, likatamkwa haraka haraka mpaka likafanana na saa ya matajiri, mtu akicheka tayari ameshalikumbuka.

Sasa tuje kwa ukuta, maana ndio kazi ninayoijua zaidi. Kuna mama mmoja anauza samaki, ngege (sato) wa kukaanga na mukene (dagaa), kibanda chake kiko kwenye barabara kubwa. Alikuja akitaka niandike maneno kumi na moja, jina lake, simu, bei, na Mungu ni mwema. Nikamwambia mama, gari likienda kilomita 50 kwa saa linameza karibu mita 14 kila sekunde moja, ukipewa sekunde tatu umebarikiwa, nani atasoma maneno kumi na moja? Akasema, "Mwanangu, wewe chora unachojua." Nikachora samaki mmoja mkubwa wa bluu, mdomo umeelekea upande magari yanakotoka, na neno moja tu, SAMAKI.

Kanuni ya herufi ninayotumia ni hii: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na kimo cha kama sentimita mbili na nusu. Ukitaka msomaji akuone akiwa mita 40, herufi iwe kama sentimita 33, yaani zaidi ya rula ya shule. Wengi huandika herufi za kiganja alafu wanalalamika biashara imelala. Kosa lingine ni bango kubandikwa bapa ukutani, sambamba na barabara, anayepita pembeni halioni mpaka ameshalipita, ligeuze litoke nje kama mlango uliofunguliwa, lisomeke pande zote mbili. Rangi chache, giza juu ya mwanga ama mwanga juu ya giza. Na wakati wa siasa chunga sana njano na nyekundu, wateja wako wako vyama vyote, hutaki mtu aanze kukuuliza uko upande gani wakati wewe unauza sukari.

Na hili la makampuni kupaka duka lako rangi bure, mi nalipinga waziwazi. Wanakuja na ngazi na makopo, duka linang'aa, unafurahi, lakini tembea hio barabara uhesabu maduka yaliyofanana, yote rangi moja, nembo kubwa ni yao na jina lako liko pale chini kwa herufi ndogo kama la mdhamini wa mazishi. Mtu atakuelekezaje sasa? "Ingia duka la njano" — lipi? Ukuta ndio redio yako, umeipeana kwa kopo la rangi. Kama lazima ukubali basi omba upande mmoja ubaki wako, na uwe ule unaoangalia barabara.

Baada ya ukuta, watu wa boda. Mgeni akishuka kwa basi swali lake la kwanza, wapi napata lodgingi, wapi napata fundi wa simu, analiuliza boda. Wengi wanafikiri dawa ni kuchapisha rifleksa ishirini zenye jina la duka, na sikatai zinafanya kazi, lakini ni pesa na zikichakaa zinakutangaza vibaya. Mi napenda benchi. Fundi mmoja wa baiskeli na pikipiki tulimwekea mbele ya kibanda benchi ya mbao mbichi na kivuli cha mabati mawili, pampu ikafungwa kwa mnyororo, upepo bure kwa steji nzima. Kabla ya kuweka tulienda kwanza kwa chamani wa steji na kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, tukawasalimia vizuri, tukaeleza, maana ukiweka kitu mahali pa watu bila kubisha hodi kitatembea usiku. Wale vijana wanasubiri abiria masaa, wakikaa kwako wanakujua, wakikujua wanakutaja. Hakuna mkataba hapo, ni shukrani tu, na mimi naona shukrani inadumu kuliko komisheni kwa sababu komisheni mwenzako akiongeza mia tano wamehama.

Muhuri wa mpira ni kitu kingine watu wanadharau. Chonga mmoja wenye jina, alama na namba ya simu, gonga kwenye kila bahasha ya kaki unayofungia chapati ama misumari. Inafika jikoni kwa mtu, inakaa.

Kwenye simu sina mengi. Facebook ilifungwa Uganda tangu Januari 2021 na wanaoingia wanazungukia VPN, kwa hio usiweke mayai yako yote huko, stetasi ya WhatsApp inatosha, picha moja asubuhi ya kilichotoka jikoni sasa hivi, sio picha ya kuazima mtandaoni. Jiweke kwenye Google Maps pia, ni bure. Na ukisajiliwa MoMoPay, ile ya MTN ya kulipwa kwa simu, hakikisha jina linalotokea mteja akilipa ni la duka, isije ikawa jina la shemeji aliyekusaidia kusajili. Lakini usichukue namba za watu kwenye daftari la mobile money uanze kuwarushia meseji za promosheni, kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na hata bila sheria, mtu alikupa namba atoe pesa, hakukupa umuamshe saa kumi na mbili asubuhi na bei ya magodoro.

Vile vipaza sauti vya kwenye nguzo, ebizindaalo, vinavyotangaza mtoto aliyepotea na mazishi, vinasikika kweli. Mi navitumia kidogo, tangazo moja siku ya soko, basi. Ukizidisha majirani wanakuchukia wewe, hawamchukii mwenye spika.

Nikubali na kosa langu. Mwaka mmoja nilibandika posta usiku kwenye nguzo za umeme na kuta za watu katika mji ambao siutaji, nikijiona komando. Asubuhi maaskari wa manispaa wakazibandua zote, na kwa vile namba ya simu ilikuwa ya mteja wangu sio yangu, yeye ndiye aliyepigiwa na yeye ndiye aliyelipa faini. Nilimrudishia ile pesa kwa miezi minne. Sasa kabla sijagusa ukuta namtafuta mwenyewe, na mjini naenda ofisini kwao kuuliza kwanza, Kampala ndio kabisa, KCCA, mamlaka ya jiji, hawana mchezo na matangazo ya nje bila kibali.

Ah, na kupima. Nunua daftari la shule, kila mteja mgeni muulize "nani amekuelekeza?" uchore kijistari, boda, ukuta, jirani, WhatsApp. Baada ya mwezi hutaniuliza mimi.

Yule mama wa samaki, mwezi wa pili tu makonda walishaanza kuita pale "kwa samaki". Mvua na vumbi vimeanza kula rangi, jicho la yule samaki limefutika, na watoto wa shule wakaanza kusema "kwa samaki kipofu". Juzi nikapita na kopo nikamwambia mama leo nakurudishia jicho, bure. Akanizuia kwa mwiko. "Uliache hivyo hivyo, mwanangu, tangu lifutike wanakuja kumwangalia alafu wananunua."