Je, wajua mshairi wa Vietnam alihifadhi vipi mashairi 400 bila kalamu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Nguyễn Chí Thiện, mshairi wa Hanoi aliyezaliwa 1939, aliandika kwa siri gerezani na kuficha vikaratasi ukutani. Hata nimewahi kuwasimulia watu hivyo, tena kwa kujiamini. Kumbe hakuwa na kalamu wala karatasi. Alitunga kichwani, akayaweka humohumo.

Kosa langu la pili: nilidhani alifungwa kwa sababu ya mashairi. Mara ya kwanza, sivyo. Mwaka 1960 alimshikia rafiki yake kipindi cha historia, akawaambia wanafunzi kitabu kimekosea: kilichoifanya Japani isalimu amri ni mabomu ya atomiki ya Marekani, si ushindi wa Wasovieti kule Manchuria. Kipindi kimoja, kifungo cha miaka mitatu na nusu. Mashairi yalimponza baadaye, 1966, akakaa ndani hadi 1977.

Sasa, kichwa kinabebaje mzigo huo? Tazama lục bát, bahari kongwe ya Kivietinamu. Mshororo mmoja una mizani 6, unaofuata 8. Silabi ya mwisho ya ule mfupi hupata mwenzake katika silabi ya sita ya ule mrefu, kama kina cha kati. Ya nane nayo huukabidhi kina mshororo unaofuata. Ni kama mkeka: ukindu mmoja ukichomoka, tundu linaonekana. Juu ya hapo kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. “Ma” hiyohiyo, kwa toni tofauti, ni mzimu, kaburi, farasi au mche wa mpunga, na baadhi ya nafasi katika mshororo hudai toni ya aina fulani. Neno lisilo lake likiingia, sikio linakataa. (Si mashairi yake yote yanafuata bahari hii, na vina peke yake havitoshi bila kurudiarudia kila siku.)

Alipotoka aliyaandika. Tarehe 16 Julai 1979 alichomoka mbio hadi ndani ya ubalozi wa Uingereza mjini Hanoi, akakabidhi mswada wa mashairi 400 hivi. Askari walimngoja langoni; akala miaka mingine 12. Mwaka 1980 kitabu kilichapishwa ng'ambo bila jina la mtunzi, naye akiwa ndani anatunga mengine, kichwani tena.