Katuni ya "sehemu ya pili" haikufukuzwa sinema

Wengi huamini kwamba sehemu ya pili ya katuni ya familia, ile iliyotoka kwenye kanda au DVD moja kwa moja, ilitengenezwa kwa ajili ya sinema kisha ikakataliwa. Dhana hiyo inaeleweka: michoro ni hafifu, na mara nyingi sauti za wahusika si zilezile.

Kwa kawaida, bajeti ya kanda hupangwa kabla mstari wa kwanza haujachorwa. The Return of Jafar (1994), mwendelezo wa katuni ya Aladdin, ilihusiana na mfululizo wa televisheni uliokuwa ukiandaliwa. Toy Story 2 ilipita njia ya kinyume kabisa: ilianza kama kazi ya video, ikapandishwa hadi sinema, ikatoka mwaka 1999.

Ubanaji wa gharama unaweza kuhesabika. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Kila mchoro ukishikiliwa kwa picha mbili, inatakiwa michoro 12. Ukishikiliwa kwa picha tatu, 8 tu, na mtu anayekimbia huanza kukwamakwama. Fungua DVD kwenye VLC, programu ya kompyuta ya kuchezea video, simamisha, bonyeza E kusogeza picha mojamoja. Chagua tukio la mbio, maana mhusika akisimama kuongea, hata katuni ghali huweza kubadilisha mdomo tu. Angalizo: DVD za Marekani huonyesha picha karibu 30 kwa sekunde, hivyo baadhi hurudiwa, hesabu michoro inayobadilika, si mibonyezo.

Majina ya mwishoni nayo yasomwe: studio ya michoro hutajwa, na mara nyingi mwaka huandikwa kwa tarakimu za Kirumi. MCMXCIV ni 1994.