Firauni hakugeuza risasi kuwa dhahabu

Nimeulizwa tena: makuhani wa Misri ya kale walikuwa na siri gani ya kugeuza metali ya risasi kuwa dhahabu, na nani ameificha? Haikufichwa. Haikuwapo.

Tazameni miaka kwanza. Piramidi Kuu ya Giza ilijengwa karibu mwaka 2560 KK. Zosimos wa Panopolis, mji ambao leo ni Akhmim, aliandika alkemia yake, ile elimu ya kubadili metali, kwa Kigiriki karibu mwaka 300 BK, Misri ikitawaliwa na Roma. Huyo yuko karibu zaidi na sisi kuliko na Giza. Na lile Bamba la Zumaridi, andiko mashuhuri la alkemia linalodaiwa kuwa la Thoth, mungu wa Misri? Maandishi yake ya zamani kabisa tuliyo nayo ni ya Kiarabu.

Kinachonikera hasa ni kuwafanya mafundi wa Misri wajinga wa kazi yao. Hati ya mafunjo iliyotoka Thebes, ambayo sasa iko Leiden, Uholanzi, inaeleza jinsi ya kupima dhahabu. Iyeyushe, uipashe moto. Ikishika rangi yake, ni safi. Ikigeuka nyeupe, ina fedha. Ikiparuza na kuwa ngumu, ina shaba na bati. Ikiwa nyeusi na laini, ina risasi. Sonara mwenye kipimo hicho hawezi kudanganywa na risasi! Hati hiyohiyo inafundisha kutengeneza aloi (mchanganyiko wa metali) ya kuigiza ambayo, inasema, itawapumbaza hata mafundi. Aliyeandika anajua fika kwamba anaiga.

Hadithi za miungu nazo zina nafasi yake. Katika Kitabu cha Ng'ombe wa Mbinguni, kilichomo kaburini mwa Firauni Seti I, Ra, mungu jua, amezeeka: mifupa yake fedha, nyama yake dhahabu, nywele zake lazuli halisi, lile jiwe la buluu. Kwa hiyo kuifunika sanamu kwa dhahabu kulikuwa kuipa mwili wa mungu. Rangi ilieleza kitu ni nini. Miaka mingi baadaye, Zosimos anahangaika na kuzitia metali rangi. Mimi naamini hapo pana undugu, kupitia karakana za mahekalu. Lakini vitabu vinaandika kana kwamba umethibitishwa, ilhali hatuna mnyororo wa hati unaotufikisha kwake. Tunaye kuhani Neilos, ambaye Zosimos anamlaumu kwa kazi yake ya tanuri, na huyo ni kuhani wa zama za Warumi.