Bruce Lee na mwanawe Brandon: yanayosemwa na yaliyotokea

Katika waigizaji wa filamu za ngumi, hakuna waliozushiwa mengi kama Bruce Lee na mwanawe.

Wengi huamini kwamba Bruce alikuwa mpiganaji aliyeokotwa na watu wa sinema. Sivyo: uigizaji ndio uliotangulia. Alizaliwa San Francisco, Marekani, Novemba 27, 1940, baba yake akiwa huko kwenye ziara ya opera ya Kikantoni. Alionekana kwenye filamu akiwa bado mchanga wa kubebwa, na kabla ya kutimiza miaka 18 alikuwa ameshacheza filamu zipatazo 20 Hong Kong, nyingi zikiwa za machozi ya familia na watoto wa mitaani. Mwaka 1958 alikuwa bingwa wa dansi ya cha-cha. Mtazame anavyobadilisha miguu kabla ya kurusha teke, utaiona dansi hiyo.

Eti Jackie Chan alikuwa hasimu wake? Jackie alikuwa kijana wa kuangushwa tu katika filamu za Bruce.

Kuhusu kifo, husemwa alipewa sumu au alipigwa pigo la siri. Mwili haukukutwa na jeraha. Mei 10, 1973, akiwa studio akiingiza sauti, alianguka na kupata degedege. Madaktari wakagundua ubongo umevimba. Julai 20 kichwa kilimuuma, akameza kidonge cha aspirini iliyochanganywa na meprobamati, dawa ya kutuliza, akalala asiamke tena. Alikuwa na miaka 32. Ubongo ulikuwa na gramu 1,575, wakati wa kawaida hukaribia 1,400. Uchunguzi rasmi uliamua ni kifo cha bahati mbaya, mwili kuikataa dawa. Kilichobaki kubishaniwa ni chanzo cha uvimbe: mwaka 2022 wataalamu wa figo walitoa hoja kwamba figo zake zilishindwa kutoa maji ya ziada mwilini.

Kisha kuna laana inayodaiwa kuwaandama baba na mwana. Wanaoiamini huitaja Game of Death, iliyokamilishwa mwaka 1978 kwa kutumia watu waliofanana na Bruce, ambamo mwigizaji anapigwa risasi ya kweli wakati wa kurekodi. Brandon naye alikufa hivyo Machi 31, 1993, huko Wilmington, North Carolina, akiwa na miaka 28. Lakini aliyeua hapo ni uzembe, na hatua zake zinafahamika.

Kwa picha za karibu, bastola ya .44 huhitaji risasi bandia zinazoonekana kamili. Watu wa filamu aliyokuwa akicheza Brandon walizitengeneza wenyewe kutokana na risasi halisi: wakang'oa kichwa, wakamwaga baruti, wakarudisha kichwa. Kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda wakakiacha kizima. Bastola ilipofyatuliwa, mlipuko mdogo wa kiwashio ukasukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu, kikakwama. Baadaye ikajazwa risasi baridi, zisizo na kichwa ila zenye baruti ya kutosha, na baruti hiyo ikakirusha kile kilichokwama hadi tumboni mwa Brandon. Mtaalamu wa silaha alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mwendesha mashtaka hakumshtaki yeyote kwa jinai.

Kuhakiki bastola huchukua sekunde chache: unafungua silinda, unatoa kila risasi, kisha unapitisha kijiti chembamba ndani ya mtutu. Siku ile kingegota.