Kupulizia maji intakula: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Saa nane mchana, mwezi wa kumi, Dodoma. Weka kiganja juu ya boneti ya Subaru Forester ya tabo iliyotoka kukaa kwenye foleni, utakitoa mwenyewe bila kuambiwa. Chini ya ile pua ya boneti kuna intakula, na kazi yake ni kupoza hewa iliyoshindiliwa na tabo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, kabla haijaingia kwenye injini. Hewa ikishindiliwa hadi presha maradufu, joto lake linapita nyuzi 100. Intakula yenyewe ikishapata moto, hewa inaingia nyepesi, kompyuta ya gari inachelewesha cheche ili mafuta yasilipuke kabla ya wakati na injini ikagonga, na gari linakuwa zito. Ndipo watu wanapofunga kifaa cha kupulizia maji. Changu nimekifunga kwa mikono yangu, nikakosea mara mbili, na maneno niliyoyasikia njiani ni mengi.

"Maji yataingia kwenye injini."

Hayaingii. Yanapuliziwa nje, kwenye vibati vyembamba vya alumini, na hewa ya injini inapita ndani. Kuna mfumo mwingine unaoingiza maji humo ndani kabisa, lakini huo ni mtambo tofauti. Hiki cha nje si ubunifu wa mtaani pia: kuna Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution zilizotoka nacho kiwandani, na kitufe chake ndani ya gari.

"Mwaga maji mengi, itapoa zaidi."

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Maji yanapoza yakikauka, siyo yakilowesha. Bibi yangu alijua hilo bila kufika gereji: mtungi wake ulikaa kivulini penye upepo, unatoa jasho kwa nje, na maji ya ndani yanakuwa baridi mpaka meno yanauma. Kwa hesabu, lita moja ya maji ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 60 inabeba kilojuli kama 146 hivi. Lita hiyohiyo ikigeuka mvuke inabeba zaidi ya 2,300. Kwa hiyo unachotaka ni ukungu mwembamba unaopotea hapohapo kwenye alumini. Ukiona maji yanachuruzika, hayo umeyatupa, tena kwenye Subaru yanadondokea karibu na tabo na viunganishi vya umeme. Sekunde mbili tatu zinatosha, unaacha, kisha unarudia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Nilichukua nozeli ya bomba la kupulizia dawa ya zabibu, nikaiunga kwenye pampu ya waipa. Ile pampu haina ubavu huo. Badala ya ukungu nikapata mate. Iliyokuja kufanya kazi ni pampu ya mashine ya kupulizia inayotumia betri, ya volti 12. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya presha. Nimeipa rilei yake, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na fyuzi ya ampea 10 karibu na betri ya gari. Kosa la pili sina la kujitetea: niliibana swichi kidumu cha maji kikiwa kitupu, pampu ya kwanza ikaungua.

"Maji ni maji."

Siyo Dodoma. Angalia birika la nyumba inayotumia maji ya kisima, ule ukoko mweupe. Ukoko huohuo utaziba tundu la nozeli, kisha utajenga blanketi juu ya vibati vya intakula, na blanketi halipozi kitu. Mimi nakinga ya mvua, nayachuja kwa kitambaa. Ukinunua maji ya betri, hakikisha ni yale yaliyosafishwa tu. Maji makali yenye tindikali yatakula alumini. Na anayekushauri uchanganye spiriti, mkumbushe kwamba tabo ni jiko.

"Tia barafu."

Inasaidia kidogo. Ila kwa joto la huku, itakuwa imeyeyuka kabla hujaiona Mtera, njia ya Iringa.

"Gari langu linachemsha, hiki kitaliponya."

Hakitaponya. Kuchemsha ni habari ya rejeta, feni, thamostati au gasketi. Na kama gari halina tabo na intakula ya hewa, hakuna cha kupulizia.

"Kinaongeza nguvu za farasi."

Kinarudisha waliopotea. Hewa ikishuka kutoka nyuzi 60 hadi 50 inaongezeka uzito kama asilimia 3. Barabara ya tambarare hutaona tofauti. Mimi naiona nikielekea Iringa, pale milima ya Nyang'oro, gari limejaa watu na magunia, mwendo mdogo, upepo wa kwenye boneti haba. Nabonyeza, nahesabu tatu, naacha. Gari halitaruka, lakini halichoki katikati ya kona kama zamani.

Shemeji yangu wa Mbagala alikiona, akafunga kilekile: pampu ileile, nozeli ileile. Juzi kapiga simu analalamika kwamba haoni kitu, maji yanachuruzika tu mpaka bampa. Nikamuuliza, shemeji, hapo kwako mtungi unapoza maji? Akacheka, akasema hewa ya Dar hata nguo kwenye kamba hazikauki.